Ngoja Jiwe Liive

Machimbo ya mawe yalipofungwa, shimo lilijaa maji, na wakubwa wa mji wakaamua kulifukia kwa taka. Asubuhi ofisa wa mipango alikuja kupigilia vigingi. Akamkuta Zamoyoni, aliyeponda kokoto hapo tangu usichana wake, amekoka moto mkubwa juu ya mwamba wa ukingoni.

"Mama, unapika nini hapo?"

"Napika jiwe, mwanangu. Ngoja liive."

Wanawake wenzake wakacheka, wameegemea majembe. Nyuma yao mfereji waliouchimba ulishuka hadi korongoni, mkavu. Mwamba ule mmoja tu ndio uliozuia maji.

"Maji haya yanazalisha mbu," alisema ofisa. "Kesho malori yanaanza kumwaga."

"Maji yakitoka, chini kuna tope zuri. Tutapanda magimbi."

"Na yasipotoka?"

"Utanifukia na taka zako, maana mimi siondoki."

Moto ulipofifia, Zamoyoni alifagia majivu kwa tawi bichi. Hivyo ndivyo walivyopasua miamba miaka yote: moto kwanza, kisha maji ya baridi. Akachota ndoo shimoni, akaimwaga yote kwa mkupuo.

Mvuke uliwafunika. Mwamba ulikaa kimya. Ofisa akaweka kigingi chini, akainua nyundo.

"Subiri kwanza!" Zamoyoni akamwaga ndoo ya pili.

Ndani ya mwamba kitu kikalia, tku. Ofisa alibaki na nyundo hewani, akitazama ufa mwembamba, na chini yake, mferejini, udongo ulioanza kulowa.