Saa Isiyo na Mishale

Saa ya marehemu haikuwa na mishale. Kigololi cha dhahabu kilizunguka ndani yake, kikisukumwa na mwendo wa mkono wa mvaaji. Fundi aliyeibuni alionya kwamba ikisimama haifufuki tena.

Mwanakheri, aliyekuwa akimkalia mumewe eda, aliitikisa kiganjani kama anayebembeleza mtoto.

“Si uivae tu, wifi?” alisema Tumu, dada wa marehemu. “Nani atakuona humu chumbani?”

“Nijipambe dhahabu nami nimo edani? Ananiona Aliyemchukua kaka yako.”

Adhana ya alasiri ikalia.

“Basi nipe niitikise mimi, wewe usali.”

“Kwani wewe sala huna?”

Mwanakheri akailaza saa ukingoni mwa msala, akasimama kusali. Mkono wa kulia aliuweka juu ya wa kushoto, nao bado ulikuwa ukitikisika.