Mafiga Uani

Msimu mzima wa kuwinda Mbodze alipikia ndani, moshi ukimtoa machozi. Ndiyo desturi ya mji wao: mume akiwa porini, mke hazimi moto wala hatoi mafiga nje, mpaka mwindaji alegeze upote, kamba ya upinde wake, kwa mkono wake mwenyewe.

Jioni hiyo mumewe, Chengo, alirudi mikono mitupu, bega limechanwa na pembe ya nyati.

"Pole, baba Sidi," Mbodze alisema, akiukodolea macho upinde. Mwaka jana Chengo aliulegeza kamba, majirani wakamwita kuwinda, akaukaza tena.

Safari hii Chengo hakulegeza kitu. Aliukata upote kwa kisu, akaufunga ndoana, kisha akauvuta kuujaribu.

"Kesho mtoni," alisema. "Kambare hachomwi ndani, mama Sidi. Anataka upepo."

Mbodze aliumwagia moto maji. Majivu yakaruka mpaka darini, naye akacheka huku anakohoa. Akalifunga figa la kwanza kwa kanga, bado la moto, akasimama nalo uani akisikiliza upepo unatokea upande gani.