Redio ya Msibani

"Neno moja tu, shemeji. Hata hilo linakushinda?"

"Halijanishinda. Linanitia kinyaa."

"Basi liteme humo ndani, ukitoka utasukutua."

Efrazia hakucheka. Walikuwa kwenye baraza ya mahakama, Kisarawe, wakibishana kwa sauti ya chini kama watu wanaogombea kiti kanisani. Anselmi alikuwa mdogo wa marehemu mumewe, na ndiye aliyetafuta njia ya kumnusuru Onesmo, mwana wa Efrazia.

"Na hilo begi la nini?" Anselmi aliuliza.

"Langu."

"Unamchuria mtoto."

Mtoto mwenyewe, miaka kumi na saba, alikuwa ameegemea nguzo akitafuna karanga. Asubuhi alikula ndizi za mama yake sahani mbili, akauliza kama zimebaki. Mwaka jana aliiba betri ya bodaboda pale Maili Moja. Hakimu akamwonea huruma, akamrudisha nyumbani chini ya uangalizi wa ofisa ustawi wa jamii, kwa sharti asirudie. Akirudia, ni shule ya maadilisho, Mbeya, kwenye baridi.

Alitulia. Kisha akadandia lori la watu waliokwenda kuzika Vihingo, akarudi na redio ya marehemu, akaiuza Mlandizi.

Polisi walipomkamata, Anselmi aliwahi. Redio akaikomboa, halafu akawakumbusha watu mila. Mzaramo akifiwa, Mnyamwezi ni mtani wake. Anakuja msibani anafanya fujo, analala kaburini, anabeba jogoo au sufuria, na wafiwa wanacheka na kumtoa kwa kitu kidogo. Mtani hashtakiwi. Maneno hayo yalipofika Vihingo, kwa Wazaramo, walioona aibu wakawa wafiwa.

Ndiyo maana mjane wa Vihingo, Bi Mwamini, alikuja mwenyewe pale barazani na kaniki yake ya eda, akaishika mikono ya Efrazia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nisamehe. Sikujua kama kijana ni mtani. Kwenu Tabora sehemu gani?"

"Urambo, mama," Anselmi alidakia.

Efrazia aliangalia viatu vyake.

"Ningejua nisingefika polisi," mjane aliendelea. "Ila ile redio nilikuwa nimeitia betri mpya, nimsikie mzee wangu akitangazwa kwenye matangazo ya vifo. Maisha yake yote hajatajwa redioni. Siku aliyotajwa, mie sikusikia. Redio imerudi, tangazo limeshapita."

Onesmo alitema ganda la karanga. "Sasa bibi mtani, si ungeniita mimi nikutangazie? Na umenipeleka polisi, hiyo faini yake jogoo. Awe na mafuta lakini."

Bi Mwamini akacheka, kwa sababu mtani hanuniwi. Alicheka huku akijifuta macho kwa ncha ya ushungi, akaahidi jogoo.

"Umeona?" Anselmi alinong'ona. "Mambo yameisha."

Onesmo akamkonyeza mama yake.

Efrazia alilivuta begi karibu. Wizi alishauzoea. Alishalia, alishapiga, alishaomba radhi kwa majirani mpaka ulimi ukaota sugu. Konyezo lile hakuwahi kuliona. Lilikuwa konyezo la mtu anayemkaribisha mwenzake mezani.

Waliitwa ndani. Hakimu alikuwa mwanamke mwenye haraka, miwani kwenye ncha ya pua. Ofisa ustawi alikaa pembeni, Onesmo kwenye benchi la mbele, mikono magotini, sura ya mtoto wa komunyo.

"Mlalamikaji anaomba shauri liondolewe," hakimu alisema. "Anasema kijana alichukua redio kwa mila ya utani. Ni kweli, mama?"

"Kweli kabisa, mheshimiwa," alisema Bi Mwamini. "Kosa ni langu."

"Ofisa ustawi?"

"Kama ni utani, mheshimiwa, sharti la uangalizi halijavunjwa. Kijana aendelee kukaa nyumbani."

Hakimu alishika kalamu. "Mshtakiwa ni mtoto. Nisikie kwa mzazi, nimalize. Mama Onesmo, nyie ni Wanyamwezi?"

Nyuma yake Anselmi alikohoa, kikohozi kifupi cha kumsukuma mtu mlangoni. Mjane alikuwa tayari anatabasamu. Onesmo hakugeuka hata kumtazama mama yake, kwa jinsi alivyokuwa na uhakika naye.

Efrazia alisimama. Alifungua zipu ya begi, akatoa sweta nzito, akaiweka mapajani pa mwanawe.

"Hapana, mheshimiwa," alisema. "Sisi ni Wahaya wa Muleba. Vihingo hatuna mtani."