Kamba ya Mbuzi

Raymundi alikuwa akizungusha kitufe cha redio mapajani, akitafuta mpira, pale lori la kijiji cha ujamaa lilipoacha barabara ya Goweko na kumkanyaga mbuzi.

Aliisukuma redio chini ya kiti, akashuka. Sheria aliijua: mikono ya dereva ni ya usukani.

Mbuzi alikuwa amekufa, kamba yake bado imefungwa kwenye kigingi, kule majanini.

Bibi mwenye mbuzi akaja mbio, akampigia goti kijana wa rika la wajukuu zake. "Shikamoo, baba. Nisamehe. Nimemfunga karibu mno na njia."

Raymundi aliona haya hata kuitazama ile kamba. Chini ya kiti, mtangazaji alikuwa akishangilia bao.

"Marahaba, bibi," akajibu. "Nimekusamehe."