Gari la Viti Viwili

Bibi harusi alishavaa shela, wageni walishajaa kwenye basi, na baba yake alikuwa amejifungia bafuni, bomba limefunguliwa asisikike akihema.

"Shemeji!" Kaka wa mkewe alibisha mlango kwa kiganja cha dereva wa lori. "Unaoga au unavuka mto?"

"Nakuja."

"Fanya haraka. Leo ndiyo leo. Mtaa mzima umejipanga barabarani unamsubiri Rubani."

Jina hilo alijipa mwenyewe. Miaka yote aliyokuwa karani wa ghala la matairi, alirudi nyumbani na hadithi za milima iliyoshukwa bila breki na mito iliyorukwa magurudumu yote yakiwa hewani. Alipostaafu akaona kwenye simu picha ya gari la mbio, limetumika ng'ambo, njano kama kiini cha yai. Akaliagiza.

Lilipotoka bandarini likashushwa uani, akafunga geti, akachungulia ndani, kisha akamwita mkewe. Huyo alitoka ukoo wa madereva, kwao hata kuku walijua kupisha lori. Mkewe naye akachungulia. Akacheka mpaka akashika ukuta.

Tangu hapo, kila Jumapili geti lilifunguliwa, gari likatoka likinguruma. Rubani alikaa kulia, kama madereva wote wa mji ule, kioo chini, kiwiko nje, akiwapungia watu mkono. Mkewe alijikunja upande wa pili, nyuma ya kioo cheusi. Gari lenyewe fupi. Kuwaona waliomo sharti uiname kama mtu anayetafuta kiatu uvunguni. Matuta liliyapita kimshazari, taratibu, bila kukwaruza bampa.

"Yule mzee ana mkono!" watu walisema.

Sifa zikamfunga kamba. Aliyeomba lifti alijibiwa, "Viti viwili tu, na cha pili kina mwenyewe." Shemeji yake aliomba angalau alisogeze kivulini, akanyimwa funguo.

"Sasa mbona dukani unakwenda kwa mguu?" shemeji aliuliza.

"Gari la mbio halitumwi chumvi."

Ikawa hawezi kwenda popote bila mkewe. Mkewe akiumwa kichwa, gari nalo linaugua, linafunikwa turubai. Fundi wao, mtu wa siri kuliko daktari, alipouliza klachi inasumbuaje, Rubani alimtazama mkewe.

"Inashikia juu sana," mkewe alijibu, "na gia ya pili inakataa."

"Mke wa rubani naye rubani," fundi akasema, akaingia chini ya gari.

Mambo yangekwenda hivyo hivyo, lakini ulimi hauna mfupa. Siku walipokaa na wakwe kupanga harusi, Rubani alisimama, akapiga kifua: "Binti yangu atafika ukumbini kwa gari langu! Mimi na yeye tu!" Wakwe wakapiga makofi. Binti akamkumbatia mbele yao wote. Usiku ule mkewe alimnyooshea vidole viwili tu, kama viti viwili, na Rubani usingizi ukamruka.

Kuvunja ahadi ni kumwaibisha binti. Kuitimiza ni kuaibika yeye, mbele ya wakwe na simu zao.

Asubuhi hiyo ya harusi alikwenda uani kwa kunyata, akachomoa waya wa plagi. Lakini fundi naye alialikwa, akaja na suti yake, na mkono uliozoea haukai mfukoni. Alifungua boneti kusalimia tu, akauona waya, akaurudishia huku akipiga mluzi. "Sasa litawaka hata kwa kukohoa, mzee!"

Ndipo Rubani alipokimbilia bafuni. Akalitazama dirisha. Lilikuwa na nondo, na nondo hizo alizisimamia mwenyewe zikichomelewa, akisisitiza zisipitishe hata paka.

"Mume wangu, toka." Hiyo ilikuwa sauti ya mkewe.

"Twende wote."

"Nikukalie mapajani? Mimi natangulia na basi."

"Unaniacha?"

"Gari unalo, binti unaye. Unataka nini tena?"

Akasikia viatu vyake vikienda zake. Kisha basi likaunguruma, nalo likaenda zake.

Akafunga bomba. Akaamua amwambie binti ukweli, liwalo na liwe.

Binti alikuwa uani kando ya gari, amekumbatia shela lisiburute.

"Mwanangu," Rubani alisema, "kuna jambo sijawahi kukuambia."

"Utaniambia njiani, Baba. Tumechelewa."

Kule mbele shemeji alishafungua geti wazi, na nyuma yake zilionekana simu zimeinuliwa juu kama mashamba ya mahindi. Rubani alitaka kwenda pale akawatangazie wote. Miguu ikakataa. Ikampeleka ilikozoea: upande wa kulia. Akaketi, akafunga mkanda, akaiweka mikono mapajani, ikakaa pale kama wageni wasiojua wapewe kazi gani.

Bibi harusi akazunguka, akaingia upande wa kushoto. Akalikusanya shela lote akamrundikia baba yake mapajani, akavua viatu vya visigino virefu akavitupa nyuma ya kiti, akashika usukani.

"Toa kiwiko nje, Baba, uwapungie watu," alisema, akiwasha gari. "Hiyo gia ya pili usiwe na wasiwasi, Mama amenionyesha inavyobembelezwa."