Nyumba ya Mbuke Yafungwa

Tangu ardhi ipewe kura kijijini, Mbuke hakuwahi kubishana nayo. Asubuhi moja aliinamia kipaza sauti kilichofukiwa kwenye ngitili, yale malisho wanayoyafunga kwa miiba ili yapumzike, akauliza kama ndama waingie.

“Waingie,” ardhi ikasema. “Ila nyumba ya Mbuke ifungwe misimu mitatu. Imechoka.”

Alirudi akaikuta nyumba ile ile, maharage yakitokota jikoni. Imechoshwa na nani?

Kabla hayajaiva, wanakamati wa kijiji, waliokwisha kusikia uamuzi wa ardhi, wakafika na matawi ya miiba.

“Shikamoo, mama,” akasema mwenyekiti Lugata kwa upole. “Ardhi haikusema ubaki ndani au utoke. Wewe ulielewaje?”

Mbuke alisimama mlangoni na mwiko mkononi. Wanakamati wakaanza kuziba dirisha.