Kijiko cha Bibi

"Mama, nakuomba, kijiko chako kikae kwenye bakuli lako!"

Nari alimpokonya mama mkwe wake uji wa mchele palepale kwenye viti vya zahanati. Sol, mwenye miaka minne, alikuwa amelegea mapajani mwa Nari. Homa ilimchoma, na mafindofindo yalikuwa yamevimba hata mate aliyameza kwa shida. Mara ya tatu hii tangu theluji ianze. Ikirudi ya nne, daktari alishasema, ni kisu.

"Baba yake nilimlisha kwa kijiko hikihiki," bibi alisema. "Mbona hakufa?"

"Hakufa. Alioza meno tu."

Nari akachota uji, akaugusa kwa ulimi kupima moto, akamlisha mtoto. Akachota tena, akaonja, akalisha.

Asubuhi ile daktari, ambaye humwita Mama kila mwanamke anayeingia na mtoto, alikuwa amewaambia wazi: "Dawa anameza vizuri, anapona. Halafu kuna mtu nyumbani anamrudishia. Na mtu huyo huenda haumwi popote." Akawapitisha Nari na bibi kijiti cha pamba kooni. Baba Sol alikuwa kazini Vietnam tangu mwaka jana. Nyumbani hapakuwa na mwingine.

Nari hakuona haja ya kungoja majibu. Nani kama si bibi humnyonyea mtoto kabichi ya kimchi kwanza, pilipili itoke, ndipo ampe? Tikiti ya basi ya kumrudisha bibi kwake Andong ilikuwa tayari mkobani.

"Mama Sol," bibi alisema polepole, "nikienda, nani atambeba mgongoni akilia?"

"Akipona hatalia."

Mlango ukafunguka. Daktari akachungulia, vipimo viwili mkononi.

"Tumempata," alisema. "Ni Mama."

Nari hakusubiri zaidi. Akachomoa tikiti, akaitia kiganjani mwa mkwewe. Bibi akaitazama, akaikunja mara mbili, akaanza kutafuta viatu vya mtoto chini ya kiti, amvishe kwa mara ya mwisho. Nari akageukia bakuli, akachota uji, akaupeleka mdomoni kuupima.

"Sasa huyu bibi mnampeleka wapi?" daktari aliuliza. "Koo lake ni safi."

Kijiko kilikuwa bado kinywani mwa Nari.